Udongo Laini wa Kona ya Mto

Minza mwanangu,

Salamu naziruka, maana shikamoo yako niliipokea asubuhi na uji tumekunywa pamoja. Sasa hivi umekwenda kusukwa kwa ajili ya safari ya kesho, na kichwa chako nakijua kinavyochukua muda, kwa hiyo nina mchana mzima wa kuandika. Nimeketi mlangoni kwenye kigoda ili nikuone ukitokea kule kwa fundi cherehani. Ukitokea, karatasi naikunja na kuikalia.

Nimefungua begi lako. Usianze kununa. Nilitaka kukuongezea kitenge kile cha kijani ulichokuwa unakimezea mate, nikaingiza mkono mpaka chini ili kisikunjamane, nikagusa kitu kigumu ndani ya sweta. Pemba, udongo wa kula. Umeifunga kwenye mfuko mweusi, ukaiviringisha sweta juu yake, kana kwamba aliyekuzaa hajawahi kuficha kitu kwenye sweta. Nimeisugua kwa kidole. Laini, haina hata chembe ya mchanga. Nikajua ni ya nani na imechimbwa wapi. Amekupa Mama Sayi muuza udongo, zawadi ya mjamzito anayesafiri, na amekupa kwa moyo mweupe kabisa. Angekuwa mtu mwenye roho mbaya ningelala vizuri zaidi.

Sijaichukua. Nimeirudisha palepale, na sweta nimeikunja ulivyokuwa umeikunja wewe. Ningeitupa, ungenunua nyingine stendi kesho kabla dereva hajawasha gari.

Utauliza kwa nini sikwambii kwa mdomo. Kwa sababu mimi na wewe tukifika sentensi ya tatu tunagombana. Na ningekutumia sauti kwenye simu, ungeisikiliza huku unaosha vyombo, na wifi zako wakaisikia kabla hujajua nimesema nini. Wifi zako siwajui bado. Nimewaona siku ya mahari tu, wakicheka sana. Watu wanaocheka sana siku ya kwanza nawawekea akiba ya mashaka.

Mambo ya kuamka mapema na kumheshimu mkwe sikuandikii. Nataka kukuandikia udongo tu. Na sikucheki kwa kuula. Nimekula mimi, amekula bibi yako, na mvua ya kwanza ikigonga vumbi mpaka leo mate yananijaa mdomoni, mwanamke mzima nimekoma kuzaa.

Bibi yako, huko huko Kishapu unakokwenda, alikuwa akichimba pemba kwenye kichuguu nyuma ya zizi la ng'ombe. Ilikuwa kazi. Tulitwanga, tukaloweka, tukachuja kwa kitambaa cha zamani, tukakanda mpaka viganja vikachubuka. Na baada ya taabu yote hiyo mchanga ulibaki kidogo, ukitafuna unasikia meno yanalia. Nilipoolewa na marehemu baba yako nikamfuata huku machimboni, yeye akawa anashuka kwenye mashimo ya dhahabu na mimi nikatafuta cha kufanya. Vichuguu vya huku ni vyekundu, vina changarawe. Nikashuka mtoni. Pale kwenye kona, maji yanapopunguza mwendo, nikakuta udongo wa kijivu umetandaa kama unga uliomwagika. Haukutaka kutwangwa. Haukutaka kuchujwa. Niliukanda palepale kwa furaha nikijiona nimeokota bahati.

Unanijua nilivyo. Baba yako alikuwa akinitania kwamba hata salamu naikagua kwanza ndipo niitikie. Muuza nyama akifunga mfuko, naufungua mbele yake. Basi na udongo ule niliukagua. Niliunusa, nikaulamba, nikautafuna taratibu. Hauna chumvi, hauna harufu ya samadi, hauna uozo. Nikauamini kuliko nilivyowahi kuamini kitu katika mji huu. Nilimshuku kila mtu, Minza, ila kitu laini sikukishuku.

Pemba yangu ikapata jina. Wachuuzi walitoka Shinyanga mjini kuja kuichukua kwa viroba, na kule sokoni waliiita pemba ya Kishapu, maana ya Kishapu ndiyo yenye sifa. Nilijua wanadanganya nikacheka tu. Niliikaushia jikoni, juu ya uchaga, moto ukiwaka chini yake na moshi ukiipitia, na wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Joto lile lilikuwa linakulaza vizuri mno. Wanawake wenzangu waliniuliza nakupa dawa gani mtoto anatulia hivi.

Unalikumbuka karasha la juu ya mto, lile la kusagia mawe ya dhahabu? Lilikuwa linanguruma mchana na usiku mpaka tukawa hatulisikii tena. Ulipokuwa darasa la sita wenye nalo waligombana, likasimama. Masika yakaja, mto ukajaa, ukapungua, nikashuka konani na ndoo yangu kama kawaida. Nikakuta mchanga na changarawe, udongo hakuna. Unajua nilichofikiri? Nilifikiri nimeibiwa. Mama Sayi alikuwa msaidizi wangu wakati huo, nikamshuku kwamba anawahi kabla yangu. Nikaenda kumvizia alfajiri, nimejifunika khanga, nimechuchumaa kwenye matete. Akanikuta yeye.

"Mayu, mama yangu, unatafuta nini humo?" akaniuliza. "Umepoteza hereni?"

Nilisema ndiyo, nimepoteza hereni. Akanisaidia kuitafuta, masikini.

Baadaye wale watu wa karasha wakapatana, mngurumo ukaanza tena. Haikupita muda udongo laini ukarudi konani. Nilisimama pale na ndoo kichwani, nikawa nasikia ule mngurumo kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Miaka yote ile nilikuwa nateremka mtoni. Siku hiyo nikaupanda.

Nilikuta mialo imejipanga kando ya maji, yale majukwaa ya kuoshea dhahabu, kila ubao umetandikwa blanketi. Mawe yanaingia kwenye karasha yanatoka unga. Unga unamwagiwa maji, unapita juu ya blanketi, kinachonasa kinakung'utiwa kwenye karai. Kijana mmoja alikuwa ameinama kwenye karai lake, amemimina zebaki, anakanda kwa mikono mitupu. Anakanda kama ninavyokanda mimi, Minza. Kwa viganja, akisukuma mbele na kurudisha. Zebaki ikishakamata dhahabu yake, matope yaliyobaki anayamwaga mferejini, na mfereji unaingia mtoni.

Fundi wa karasha alikuwa Msumbwa mmoja wa Ushirombo, ananijua kwa ajili ya baba yako.

"Shikamoo, Mama Minza. Umekuja kuosha?"

"Marahaba. Nimekuja kuuliza. Hayo matope yanakwenda wapi?"

"Mtoni. Yaende wapi tena?"

"Na yakishafika mtoni?"

"Yanakwenda zake, mama. Mto mkubwa huo."

Mto wetu kiangazi unauvuka bila kuvua viatu. Nikafungua upindo wa khanga nikampa kipande cha pemba. Akakivunja, akakitemea mate, akakisugua kiganjani na kukielekeza kwenye jua, wanavyofanya wakitafuta rangi ya dhahabu. Kisha uso wake ukabadilika, akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Huu si udongo. Huu ni mwamba, karasha letu ndilo linasaga hivi. Umeuchukua kwenye marudio ya nani?"

Marudio ndiyo hayo matope yanayobaki, na mengine wenyewe huyarundika wakayauza kwa watu wa kuyachenjua upya, kutoa dhahabu iliyosalia. Alifikiri nimemwibia tajiri wake. Nami nilikuwa nafikiria ulaini ule niliojisifia sokoni, kumbe ni wa mashine.

Nikaenda kliniki, si ya hapa kwetu ambako wote wananijua, nikapanda gari mpaka mbali. Nikampata muuguzi mmoja mtu mzima, hakunigombeza. Alinieleza kwamba mwamba wa dhahabu mara nyingi unakuja na wenzake, sumu ya aseniki na madini ya risasi, na zebaki wanaongeza watu juu yake. Havionekani, havina harufu. Vikizidi mwilini vinaharibu figo na mishipa ya fahamu, mtu anaanza kutetemeka, anasahau. Vingine mjamzito akivila vinamfikia mtoto tumboni, ubongo wake bado unajengwa. Na zebaki ikipata moto, akasema, mvuke wake ni mbaya kuliko kuishika. Hapo nikauona uchaga wangu na moto wangu.

"Na mtoto aliyekuwa mgongoni?" nikamwuliza.

"Sasa yuko wapi?"

"Yuko darasa la sita. Anafanya vizuri."

"Basi mshukuru Mungu. Ila mwangalie mikono. Mwangalie akishika kikombe."

Nikaomba wakupime. Akanijibu kwa upole, "Kipimo cha hicho kitu hapa hatuna, mama."

Nilirudi nikawakusanya wanawake wa udongo pale kwenye benchi la mashine ya unga. Nikawaambia konani pasiguswe, pana sumu. Mama Sayi akauliza ni sumu gani, nimeiona? Nikasema haionekani. Ina harufu? Haina. Nani ameumwa? Sikuwa na jina la kumpa. Wakatazamana. Na wewe umezaliwa huku, unajua. Katika nchi hii ya dhahabu, mtu akikwambia "hapa pasiguswe" maana yake ni moja tu.

Asubuhi yake konani palikuwa pamejaa sululu. Wake kwa waume, mpaka mwalimu wa kwaya. Na ubaya wake, walipata. Marudio hayakosi vumbi la dhahabu, kwa hiyo kila aliyeosha aliona kijistari cha njano chini ya karai, na kila aliyekiona aligeuka kunitazama. Mama Minza alikuwa anataka kula peke yake. Wakaleta mialo yao hapohapo, na zebaki yao hapohapo. Mimi niliyesema pana sumu ndiye niliyewafanya waimwage pale. Na pembeni kidogo, wasipochimba wao, Mama Sayi akaendelea kuchota udongo wake wa pemba, nao ukawa laini kuliko wa kwangu.

Siku hiyo ulirudi shule macho mekundu. Hukuniuliza kama kuna sumu. Uliniuliza, "Mama, sasa mbona hata sisi hukutuambia?" Na mwaka jana bati lilipovuja kitandani kwako ukasema kwa sauti, Emanueli akiwa amekaa pale pale, kwamba tungekuwa na nyumba ya maana kama ningechimba wa kwanza. Niliumia. Nilitaka kukupiga kofi na mtu mzima hapigwi kofi mbele ya mchumba wake. Na tena nimewahi kukukuta umeinama chini ya kitanda changu unapagonga gonga pale palipozibwa saruji. Hakuna kopo la dhahabu, mwanangu. Ni panya tu waliotoboa.

Nimewachukia wale wanawake kwa muda mrefu, kisha nikaanza kuwaelewa, na hilo limenichukua muda mrefu zaidi. Walishuku sawasawa. Kweli nilikuwa naficha kitu, walichokosea ni kitu gani. Sikuwaambia "udongo niliowauzia mkiwa na mimba ni mwamba wa karasha, nimewalisha mimi." Niliona aibu. Nikasema "pana sumu" kama mwenyekiti wa kijiji, nikajiweka pembeni. Ningewapandisha mto, kila mmoja na kipande chake mkononi, wakamwone yule kijana anavyokanda, pengine Mama Sayi angenielewa. Lakini mtu anayekuonya huku amesimama mbali na kosa lake, hata mimi singemsikiliza.

Ndiyo maana wewe nakuandikia yote, na uchaga, na mgongo.

Na mimi pia nishuku. Sina ushahidi. Wale wapimaji waliokuja na chupa wakachota maji konani, wakaandika andika, majibu yao hatujayaona mpaka leo, na sijui kama hayapo au yapo hayatakiwi tuyaone. Kwa hiyo usiende kwa mkwe wako kusema mama amesema. Nenda kliniki ya huko, mwambie muuguzi ukweli kwamba unakula udongo, ujauzito wa miezi mingapi na udongo wa wapi. Usione haya. Yule wangu aliniambia hamu hiyo mara nyingi inafuatana na upungufu wa damu, wanapima kwa kutoboa kidole tu, na wanatoa vidonge. Uulize na samaki pia, wale kambare wa mto aliokuletea shangazi yako. Mimi niliacha kuwala, wewe ukasema najidai.

Na siku ya mnada utaona huko pemba nzuri, nyeupe, imepangwa kwenye ungo. Muuzaji atakwambia ni ya hapa hapa Kishapu, imetoka kichuguuni. Wachuuzi wa kwangu nao walisema hivyo, na ilikuwa imetoka chini ya karasha. Usimwite mwongo, pengine hata yeye hajui. Wewe pita tu. Sikuoneshi hata kile kichuguu cha bibi yako, maana sijui mvua zote hizi zimekipelekea nini.

Nimebakiza jambo moja na naona jua limegeuka.

Tangu utoto unanilalamikia kwamba nakutazama mikono. Ukimimina chai natazama. Ukishona kifungo natazama. Ukakua ukiamini nakudhania mwizi wa sukari, na siku moja ulinigeuzia mifuko ya sketi nje na kusema, "Haya, nikague basi." Niliona ni afadhali unidhanie hivyo kuliko nikwambie. Sikuwa natafuta sukari, Minza. Nilikuwa natazama kama vidole vinatetemeka.

Havikuwahi. Unatia uzi kwenye sindano mara moja, mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. Ni siku moja tu, walipokuja kina Emanueli kuleta posa, ukaleta chai na vikombe vikawa vinagongana kwenye sinia. Nilitoka nikaenda nyuma ya choo nikalia mpaka kilemba kikalowa. Ukasema mama hamtaki Emanueli. Namtaka, kijana mzuri, anafanya kazi yake ya kinu cha pamba na hajidai. Mpaka leo sijui kama mikono ile ilikuwa ni aibu ya binti anayeposwa, au ni mimi na moto wangu. Nakupenda na sijui. Nimeishi na mambo hayo mawili pamoja.

Kesho basi likiondoka utanipungia dirishani, na mimi nitakuwa nautazama huo mkono hadi utakapopotea. Safari hii usinune, unajua sasa natafuta nini. Lakini kuna mikono mingine miwili, midogo, iko tumboni mwako, nami hata nikikodoa macho siioni. Hiyo inapata unachomeza wewe.

Nakuona unatokea kwa fundi cherehani, na nywele zimekupendeza. Barua naiweka kwenye begi, ndani ya sweta, juu ya ule mfuko mweusi. Utakapoingiza mkono kufuata pemba utaigusa karatasi kwanza. Siku hiyo sitakuwepo kuutazama mkono wako, utautazama wewe.

Mama yako